Wasomaji Wanauliza: Diwani Ed Burke wa Chicago, kutoka kiti cha baba yake hadi gerezani

Katika toleo lililopita tulichapisha habari fupi kuhusu Edward Burke, aliyekuwa diwani wa jiji la Chicago, Marekani, aliyetiwa hatiani Desemba 2023 kwa rushwa na kwa kutumia cheo chake kuwabana wenye biashara. Habari ile iliacha maswali mengi kuliko ilivyojibu, na barua zilizokuja zinaonyesha hivyo. Zinazofanana tumezijibu pamoja.

Ndugu mhariri, mtu anakaaje kwenye udiwani miaka 54? Wananchi hawakuchoka? (Msomaji, Morogoro)

Burke alizaliwa 29 Desemba 1943. Baba yake, Joseph Burke, alikuwa diwani wa Kata ya 14, kusini magharibi mwa jiji. Mzee alifariki 1968. Mwaka uliofuata mwanawe, aliyekuwa polisi na amesomea sheria katika Chuo Kikuu cha DePaul, aligombea kiti hicho akashinda akiwa na miaka 25. Alikaa hadi Mei 2023, na hakuna diwani mwingine katika historia ya Chicago aliyefikisha muda huo.

Udiwani wa Chicago hauna ukomo wa vipindi. Kata ziko 50, na kwa desturi ya miaka mingi kila diwani ni bwana wa kata yake: jambo la ardhi, bango au kibali likiwa katani kwake, wenzake humwachia yeye neno la mwisho. Hakuna sheria inayosema hivyo. Ni mazoea tu, lakini mazoea hayo ndiyo yanayomfanya mwenye duka amwogope diwani kuliko anavyomwogopa meya.

Nguvu ya Burke haikuishia katani. Mwaka 1983 Harold Washington alipochaguliwa kuwa meya wa kwanza mweusi wa Chicago, Burke na mwenzake Edward Vrdolyak waliongoza kundi la madiwani 29 waliompinga, dhidi ya 21 waliokuwa naye. Bajeti, uteuzi na miradi vilikwama kwa karibu miaka 3, hadi chaguzi za marudio za 1986 zilipobadilisha hesabu. Katika vurugu hizo Burke alikuwa ameshika uenyekiti wa Kamati ya Fedha. Aliupoteza 1987, akaurudia 1989 chini ya Meya Richard M. Daley, na hakuuachia tena hadi Januari 2019.

Kamati hiyo ilipitisha karibu kila kitu chenye fedha ndani yake. Zaidi ya hapo ilisimamia yenyewe fidia za wafanyakazi wa jiji walioumia kazini, takriban dola milioni 100 kwa mwaka, na mkaguzi mkuu wa jiji hakuwa na mamlaka ya kuingia humo. Burke pia aliongoza jopo la chama cha Democratic lililopendekeza wagombea wa ujaji katika Cook County, kaunti ambamo Chicago imo. Mkewe, Anne Burke, alikuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Illinois kuanzia 2006 hadi 2022, na miaka ya mwisho alikuwa jaji mkuu. Hatusemi kwamba mama huyo alihusika. Hakushtakiwa kwa lolote. Tunataja hayo ili msomaji aone ni mtu wa uzito gani aliyekuwa akiwabana wenye biashara.

Mliandika kwamba alikuwa diwani na wakili kwa wakati mmoja. Hilo liliruhusiwa? (Msomaji, Dodoma)

Liliruhusiwa, na kwa maoni yetu hapo ndipo penye mzizi wa kesi nzima. Kampuni yake, Klafter & Burke, ilikuwa na kazi moja kubwa: kukata rufaa za kodi ya majengo kwa niaba ya wenye majengo.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Mthamini wa Cook County hukadiria thamani ya soko ya kila jengo, na ukadiriaji mpya hufanyika kila baada ya miaka 3 kwa zamu ya maeneo. Jengo la biashara hutozwa kodi kwa msingi wa asilimia 25 ya thamani hiyo, nyumba ya kuishi asilimia 10. Tuchukue jengo la ofisi lililokadiriwa dola milioni 10. Msingi wake wa kodi ni milioni 2.5. Wakili akifanikiwa kuonyesha kwamba thamani halisi ni milioni 8, labda kwa sababu ghorofa nyingi hazina wapangaji, msingi unashuka hadi milioni 2, na bili ya mwaka inapungua kwa moja ya tano. Rufaa huanzia kwa mthamini, ikikwama huenda kwenye bodi ya mapitio ya kaunti, kisha kwenye bodi ya rufaa ya jimbo au mahakamani. Mara nyingi wakili hulipwa sehemu ya kile kilichookolewa. Kwenye jengo refu la katikati ya jiji hiyo si pesa ndogo, na inarudi mwaka hadi mwaka. Miongoni mwa wateja wa kampuni ya Burke ulikuwa mnara wa Donald Trump kando ya Mto Chicago.

Mteja wa namna hii ndiye yule yule anayehitaji jiji limbadilishie matumizi ya ardhi, limpe msamaha wa kodi au kibali cha ujenzi. Kanuni ya 14 ya Baraza la Madiwani ilimtaka diwani ajitoe kwenye kura yenye maslahi yake, na Burke alijitoa mara nyingi sana, kwa maandishi na kwa sauti. Kasoro ni kwamba kanuni inagusa kura peke yake. Simu iliyopigwa wiki 3 kabla ya kura, au agizo kwa mtumishi wa ofisi ya kata asimamishe kazi fulani, havionekani kwenye kumbukumbu za kikao.

Mwaka 2019, baada ya Burke kushtakiwa, Baraza lilikaza kanuni za maadili ili madiwani wasiweze tena kufanya kazi za pembeni za aina hii.

Naomba mnieleze taratibu alifanya nini hasa. Nimesoma mgahawa, makumbusho, posta na duka la pombe, nikachanganyikiwa. (Msomaji, Mombasa)

Ni mambo manne tofauti, ila mbinu ni moja: mtu anahitaji kitu kutoka jijini, Burke ana uwezo wa kukizuia au kukisukuma, naye anataka kitu kingine kwanza.

Tuanze na mgahawa, maana ndio uliomfikisha mahakamani mwanzo. Kampuni ya Texas iliyomiliki migahawa mingi ya Burger King katika Illinois ilitaka kukarabati mmoja ulioko makutano ya Barabara ya 41 na Pulaski, ndani ya Kata ya 14. (Ni jirani na mahali kijana Laquan McDonald alipopigwa risasi na polisi Oktoba 2014, kwa hiyo jina la makutano hayo lilikuwa linajulikana tayari.) Juni 2017 Burke alikula nao chakula cha mchana na kuzungumzia kazi ya kodi ya majengo yao. Kazi haikuja. Oktoba ukarabati ulikuwa umeanza; ofisi ya kata ikaingilia, ikadai kwamba hakuna kibali cha njia ya magari ya kuingilia kutoka barabarani, na ujenzi ukasimama.

Angalia kibali kilichochaguliwa. Mgahawa ulikuwa pale miaka mingi na magari yanaingia na kutoka kila siku. Kibali cha njia ya magari ni karatasi ndogo kuliko zote, lakini bila hiyo mkandarasi haendelei, na kila siku ya kusimama ina gharama: mafundi, vifaa, mauzo yanayokosekana. Mwenye mgahawa hahitaji kuambiwa lolote la ziada. Baadaye, wakiwa wanahangaika kumridhisha, waliombwa pia wachangie harambee ya kisiasa iliyofanyika nyumbani kwa Burke Januari 2018 kwa ajili ya Toni Preckwinkle, rais wa bodi ya Cook County. Preckwinkle hakushtakiwa.

Jambo la pili ni Posta ya zamani, jengo la zaidi ya futi za mraba milioni 2 ambalo barabara kuu inapita chini yake. Lilikuwa tupu tangu 1996. Kampuni ya New York, 601W, ililinunua 2016 ili ilifufue, na ilihitaji mengi: ruzuku ya jiji ya dola milioni 18, nafuu ya kodi kwa majengo ya kihistoria, na msaada wa kutatua mvutano na shirika la reli la Amtrak, ambalo treni zake hupita chini ya jengo. Burke alitaka kampuni hiyo iwape Klafter & Burke kazi ya kodi. Sauti zilizonaswa zinamwonyesha akilalamika kwamba rejista ya fedha bado haijalia, na Mei 2017 akimuuliza diwani mwenzake kama yule jodari wameshamvua. Mwaka 2018 kampuni ikatoa kazi.

Duka la pombe lina habari fupi. Mwenye jengo, Charles Cui, alikuwa amempangisha muuzaji wa vinywaji Binny's, na mpangaji alitaka bango la zamani lililo juu ya nguzo. Idara ya majengo ilikataa. Cui akaamua kuipa kampuni ya Burke kazi yake ya kodi, na kwa barua pepe akamweleza wakili wake wa siku zote kwamba Burke ni mtu mwenye nguvu jijini, kwamba anamhitaji sasa, na kwamba kazi itarudi kwake mwaka ukiisha. Barua pepe hiyo ilitosha kummaliza. Alishtakiwa pamoja na Burke, akatiwa hatiani na kufungwa pia.

Makumbusho ya Field ni tukio la ajabu kuliko yote kwa sababu halina fedha. Binti wa rafiki yake wa zamani, aliyewahi kuwa diwani, aliomba nafasi ya mafunzo ya kazi pale na hakujibiwa. Mwaka 2017 makumbusho yalikuwa yanataka kupandisha kiingilio, jambo linalohitaji idhini ya mamlaka ya bustani za jiji. Ofisa wa makumbusho alipopiga simu kumweleza Burke mpango huo, alikuta mtu mwenye hasira anayemkumbusha kwamba mwenyekiti wa Kamati ya Fedha akipiga simu moja, mpango wao utaishia hapo. Makumbusho yakakimbia kumtafutia binti huyo nafasi.

Kama kwenye makumbusho hakupata hata senti, kosa liko wapi? Mbona sisi tunajua rushwa ni bahasha? (Msomaji, Kisumu)

Mawakili wake walisimama hapo hapo kwa wiki kadhaa, na juri, yaani jopo la raia wanaoamua kama mtu ana hatia, haikuwakubalia.

Sheria za shirikisho zilizotumika ni nne. Ya kwanza, inayoitwa Hobbs, inakataza kumtoza mtu mali kwa vitisho au kwa kivuli cha wadhifa, na jaribio peke yake ni kosa. Adhabu yake ni hadi miaka 20. Ya pili ni ya rushwa kwenye taasisi zinazopokea fedha za shirikisho: inatosha taasisi ipokee zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka, na jambo linaloombewa rushwa liwe na thamani ya dola 5,000 au zaidi, hadi miaka 10. Ya tatu inahusu kutumia simu, barua pepe au safari inayovuka mpaka wa jimbo kuendeleza rushwa. Hadi miaka 5 kwa kila tendo. Ya nne ni RICO ya 1970, iliyotungwa dhidi ya magenge, ambayo hapa iliunganisha matukio yote na kudai kwamba ofisi ya diwani iligeuzwa chombo cha uhalifu wa mfululizo. Hadi miaka 20.

Mashtaka yalikuwa 14: moja la RICO, mawili ya rushwa, mawili ya jaribio la kutoza kwa vitisho, moja la kula njama ya kutoza, na manane ya kutumia mawasiliano kati ya majimbo. Hayo manane ndiyo yanayowashangaza wasomaji, lakini yana mantiki rahisi: kila simu ya Chicago kwenda Texas au barua pepe kwenda New York iliyohusu dili ilihesabiwa kivyake.

Katika sheria hizi kuomba ni kosa hata kama hukupewa. Msomaji wa Tanzania asidhani hilo ni geni: Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 nayo inamtia hatiani anayeomba au kujaribu kupata, si anayepokea tu. Bahasha ni njia mojawapo. Kazi ya uwakili, nafasi ya mtoto wa rafiki na mchango wa harambee ni njia nyingine, na ni za hatari zaidi kwa umma kwa sababu kila moja ikitazamwa peke yake ina risiti halali.

Serikali ilizipataje sauti zake? Mtu mjanja hivyo alinaswaje? (Msomaji, Tabora)

Alinaswa na mwenzake. Daniel Solis, diwani wa Kata ya 25 na mwenyekiti wa kamati ya mipango ya ardhi, alitembelewa na FBI mwaka 2016 akionyeshwa ushahidi dhidi yake mwenyewe. Akakubali kuwafanyia kazi. Kwa takriban miaka 2 alikwenda kwenye vikao na milo akiwa na kinasa sauti, na kwenye suala la Posta yeye ndiye aliyekuwa kiungo kati ya Burke na kampuni. Mazungumzo hayo yaliwapa wapelelezi msingi wa kuomba amri ya mahakama ya kusikiliza simu ya Burke. Mgahawa na makumbusho vilisikika kwenye simu hiyo. Mwanzoni upelelezi haukuwa unavitafuta.

Asubuhi ya 29 Novemba 2018 wapelelezi waliingia ofisi zake za jiji na za kata wakaziba vioo vya milango kwa karatasi za kahawia. Mwanzoni mwa Januari 2019 akafikishwa mahakamani kwa shtaka moja, la mgahawa. Tarehe 30 Mei 2019 ikatoka hati kamili ya mashtaka, kurasa 59.

Ukisoma kesi za namna hii, fahamu kwamba shahidi aliyejigeuza ni mzigo pia. Solis alikuwa na makubaliano ya kutopelekwa jela, na waendesha mashtaka walimuona ana mengi ya kumchafua, kwa hiyo hawakumwita kabisa; waliacha sauti zizungumze. Waliomwita kizimbani ni upande wa Burke, wakitaka juri imchukie. Haikuwasaidia, maana maneno ya kwenye kanda yalikuwa ya Burke mwenyewe.

Solis huyo huyo alimrekodi Michael Madigan, aliyekuwa spika wa bunge la Illinois kwa zaidi ya miaka 30 na ambaye kampuni yake ya uwakili nayo ilifanya kazi ya rufaa za kodi za majengo. Madigan alitiwa hatiani Februari 2025 kwa mashtaka 10 kati ya 23, na Juni mwaka huo akahukumiwa miaka 7 na nusu na faini ya dola milioni 2.5.

Mwizi wa kuku huku kwetu anafungwa miaka mitatu. Huyu kapata miwili, na nasikia ametoka kabla haijaisha. Haki iko wapi? (Msomaji, Bukoba)

Hasira yako tunaielewa. Hesabu yenyewe ni hii.

Tarehe 21 Desemba 2023 juri ilimkuta na hatia kwenye mashtaka 13 kati ya 14. Lililoanguka ni la kula njama kuhusu mgahawa, na msaidizi wake wa ofisi ya kata, Peter Andrews, aliachiwa huru kwa yote. Waendesha mashtaka waliomba miaka 10. Mawakili wa Burke waliomba asifungwe kabisa. Tarehe 24 Juni 2024 Jaji Virginia Kendall alimpa miezi 24 na faini ya dola milioni 2. Burke alikuwa na miaka 80, na zaidi ya barua 200 zilikuwa zimefika mezani kwa jaji, nyingi zikisimulia misaada aliyowapa watu kimya kimya: wagonjwa, wajane, familia za polisi na zimamoto. Jaji alizisoma na alisema wazi kwamba zilimgusa.

Mtazamo wetu: wema huo ulikuwa wa kweli, lakini hata wema huo ulitoka kwenye ghala lile lile la madaraka, na mwenye mgahawa hakuwa na mtu wa kumwandikia barua. Miaka 2 ilikuwa michache.

Kuhusu kutoka mapema, hakukuwa na upendeleo wa pekee. Kifungo cha shirikisho hakina tena kuachiwa mapema kwa masharti (parole) kulikokuwapo kwa makosa ya kabla ya Novemba 1987. Kuna punguzo la tabia njema, siku hadi 54 kwa kila mwaka wa hukumu, yaani siku 108 kwa miaka 2. Juu yake kuna sheria ya 2018 inayompa mfungwa asiye hatari siku 10 hadi 15 kwa kila siku 30 za kushiriki programu. Siku hizo hutumika kumhamishia nyumba ya mpito au kifungo cha nyumbani. Burke aliripoti gereza la Thomson, kaskazini magharibi mwa Illinois, 23 Septemba 2024, na Julai 2025 akahamishwa kurudi Chicago chini ya usimamizi wa magereza. Kwa hiyo ndani ya gereza alikaa karibu miezi 10.

Wapo walioandika kwamba Mahakama ya Juu ya Marekani ilimtetea. Hapana. Siku 2 baada ya hukumu yake, 26 Juni 2024, mahakama hiyo iliamua kesi ya Snyder, aliyekuwa meya wa Portage, Indiana, ikisema kwamba ile sheria ya pili tuliyoitaja haihusu zawadi ya shukrani inayotolewa baada ya kazi kufanyika bila makubaliano ya awali. Uamuzi huo ni pigo kubwa kwa waendesha mashtaka wa rushwa nchini humo. Lakini Burke alikuwa anadai kabla, na hukumu yake ilisimama kwenye sheria nyingine pia.

Nilisoma kwamba alichaguliwa tena akiwa na kesi. Ni kweli? Na pensheni? (Msomaji, Zanzibar)

Ni kweli. Februari 2019, wiki chache baada ya kushtakiwa, alishinda duru ya kwanza bila marudio. Mshtakiwa hana kizuizi cha kugombea; kizuizi huja baada ya kutiwa hatiani. Mwaka 2023 hakugombea. Gharama za mawakili alizilipa kwa sehemu kubwa kutoka mfuko wa kampeni, jambo ambalo Mahakama ya Juu ya Illinois ilikubali mwaka 2022 katika kesi iliyohusu mfuko wa Solis. Hilo linatukera: aliyechangia uchaguzi hakuchangia utetezi wa jinai. Pensheni ya jiji hupotea kwa sheria ya Illinois ikiwa kosa linahusiana na kazi.

Mimi na mke wangu tunaishi Chicago, tunafungua mgahawa mdogo wa vyakula vya kwetu. Tumeambiwa "muoneni diwani kwanza". Tufanye nini tusije tukajikuta kwenye kesi kama hii? (Msomaji, Chicago)

Kumuona diwani si kosa, na kwa mambo fulani ni lazima. Bango lenye eneo la zaidi ya futi za mraba 100, au lililo juu zaidi ya futi 24 kutoka ardhini, linahitaji amri ya Baraza. Kubadilisha matumizi ya kiwanja nako hupita kwenye Baraza. Lakini leseni ya mgahawa hutolewa na idara ya biashara, kibali cha ujenzi na idara ya majengo, na njia ya magari hushughulikiwa na idara ya uchukuzi. Meya Lori Lightfoot, siku yake ya kwanza kazini, 20 Mei 2019, alizielekeza idara kwa amri ya kiutendaji ziache kumpa diwani kura ya turufu katika mambo ya kawaida ya kiutawala. Kwa hiyo ukiambiwa "diwani hajaridhia", uliza kwa upole: kifungu gani kinahitaji aridhie? Naomba unijibu kwa maandishi.

Ombeni kibali kwanza, mpate namba ya maombi, ndipo mwende ofisi ya kata. Kosa la wengi ni kwenda na maneno matupu, wakawa hawana ushahidi kwamba maombi yalikuwa yamekamilika kabla ya kucheleweshwa. Baada ya kila mkutano tuma barua pepe fupi: tulikutana leo, tulizungumzia kibali namba fulani, tulielewana hivi.

Mkisikia mtajiwa wakili, wakala wa bima au mkandarasi "mzuri" katika sentensi moja na kibali chenu, msikubali na msigombane. Semeni mtafikiria. Nyumbani andikeni tarehe, saa, waliokuwapo na maneno yenyewe kadiri mnavyoyakumbuka. Kisha pelekeni kwa ofisi ya mkaguzi mkuu wa jiji au FBI, ambayo ofisi yake ya Chicago iko Roosevelt Road. Msirekodi kwa siri kabla ya kuongea na wakili. Illinois inataka ridhaa ya wote katika mazungumzo ya faragha. Kuna nafuu kwa anayehofia kutendewa uhalifu, ila mipaka yake si ya kubahatisha. Solis alirekodi akiwa chini ya FBI.

Jambo la mwisho, na kwa wageni ndilo zito kuliko yote: asiye raia na asiye na ukaazi wa kudumu haruhusiwi kuchangia uchaguzi wowote Marekani, hata wa diwani, hata dola 20 kwenye harambee. Ni kosa la shirikisho na linaweza kuharibu maombi yako ya uhamiaji. Ikiwa mmoja wenu ana ukaazi wa kudumu na mwingine hana, mchango utoke kwenye akaunti ya mwenye haki peke yake. Wanaofanya biashara na jiji wana kikomo cha dola 1,500 kwa mwaka kwa mgombea mmoja.

Nawezaje kusoma hati za kesi mwenyewe badala ya kutegemea magazeti? (Mwanafunzi wa sheria, Dar es Salaam)

Fungua akaunti kwenye PACER, mfumo wa mahakama za shirikisho za Marekani. Unaweza kujisajili ukiwa nje ya nchi. Chagua wilaya ya kaskazini ya Illinois, kesi namba 1:19-cr-00322. Anza na hati ya mashtaka ya Mei 2019, kisha nenda moja kwa moja kwenye maoni ya pande mbili kuhusu adhabu ya 2024, kwa sababu humo ushahidi wote umefupishwa na kila upande umeonyesha ulivyousoma. Bei ni senti 10 kwa ukurasa, na hati moja ya kawaida haizidi dola 3 hata ikiwa na kurasa 200. Kutafuta nako kunatozwa, kwa hiyo andika namba ya kesi badala ya jina. Ukitumia dola 30 au pungufu kwa robo mwaka, hulipi kitu. Kabla ya hapo jaribu CourtListener, ambako nakala za hati zilizokwisha kununuliwa na wengine hupatikana bure.